Raga Haikummeza Kayange

Aliyeandika kwamba raga huwatafuna vijana na kuwatema mikono mitupu, na kwamba watoto wa Ndera, Kaunti ya Tana River, wasidanganywe na jezi ya taifa, amekosea. Amtazame Humphrey Kayange. Alisomea kemia huku akiichezea Kenya raga ya wachezaji saba. Mwaka 2009 timu ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Dubai. Yeye na nduguye Collins Injera, nyota wa ushindi wa 30–7 dhidi ya Fiji huko Singapore, walicheza Olimpiki ya Rio 2016. Kisha 2021 Kayange akachaguliwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Huyo ndiye aliyetupwa?

Kweli, wengi hustaafu na magoti mabovu bila bima. Basi dai bima, usiwafungie watoto mlango! Hoja nzito ni nyingine: nani ataleta kocha na kiwanja kingoni mwa Mto Tana, ambako mafuriko huwahamisha wanafunzi? Tena huku, mwaka 2012, Wapokomo ambao ni wakulima na Waorma ambao ni wafugaji walipigana, wakazika watu wao. Mimi nautaka mchezo unaomlazimu mtoto wa mkulima kumpasia mtoto wa mfugaji. Serikali ya kaunti ianzie Garsen.