Akhtaribai Aliyegeuka Begum



Katika Bara Hindi la zama za ukoloni, mwanamke aliyeimba kwa malipo aliitwa Bai, na mke wa nyumba ya heshima akiitwa Begum. Baina ya majina hayo palikuwa na ukuta mrefu. Akhtaribai wa Faizabad aliuvuka mwaka 1945 kwa njia ya ndoa, na ni gharama ya kuuvuka tutakayoizungumza wiki hii.

Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1914, pacha wa Zohra. Baba yao, Asghar Hussain, alikuwa wakili. Mama yao, Mushtari, alikuwa mke wa pili, na baba akamkana yeye na mabinti zake. Zohra alifariki angali mdogo. Mushtari alibaki na mmoja, akamtafutia walimu wa kumfunza uimbaji, akiwemo Ata Mohammed Khan wa Patiala. Huko mwalimu wa muziki huitwa Ustad, neno lile lile tunalowaitia walimu wetu wa madrasa.

Jina likapaa. Alipoimba kuwachangia waathiriwa wa tetemeko la Bihar la mwaka 1934, mshairi Sarojini Naidu alimsifu. Alitoa pia sahani za santuri na kucheza katika sinema, ikiwemo Roti ya mwaka 1942.

Ghazali ni utungo wa mapenzi na majonzi uliotoka kwa Waarabu, ukalelewa na Waajemi, ukastawi katika Kiurdu. Kila ubeti una mishororo miwili na maana iliyojitosheleza, na mwishoni hurejea kina na neno lile lile. Katika ubeti wa mwisho mshairi hujitaja jina, kama wafanyavyo malenga wetu katika kaditama. Maneno Akhtari aliyatwaa kwa Ghalib, kwa Mir, kwa Shakeel Badayuni. Mahadhi mengi aliyatia mwenyewe, akijipigia kinanda. Sauti yake ilikuwa na mpasuko mdogo ilipopanda juu. Kwa mwengine ingekuwa kasoro. Wapenzi wake waliungojea mpasuko huo.

Mume wake, Ishtiaq Ahmed Abbasi, alikuwa wakili wa Lucknow, mtu wa elimu na mpenzi wa mashairi. Kwa ndoa hiyo Bai akawa Begum, na Begum hakuimba. Alinyamaza karibu miaka mitano.

Wapo watakaouliza hukumu ya muziki. Hilo tunawaachia mashekhe wetu. Sisi tunaitazama nyumba. Bwana Abbasi hakuwa mkatili. Alimpa mkewe kile ambacho jamii ilimnyima tangu utotoni: jina la ukoo, mlango wa kuingilia kwa heshima. Wala si haki kuidharau zawadi hiyo, hasa tukikumbuka yaliyompata Mushtari. Lakini mke alidhoofika, akaugua, moyo ukazama katika huzuni, hata ikaonekana kwamba dawa yake ni kuimba. Mume akaridhia. Mwaka 1949 Begum Akhtar alirudi katika studio ya redio mjini Lucknow, akaimba ghazali tatu na wimbo mmoja wa dadra, kisha akalia.

Tangu hapo aliimba katika miji mingi ya India hadi mwisho wa uhai wake. Lucknow, mji wa mume, aliuheshimu kwa namna ya pekee: inasimuliwa kuwa hakuimba huko hadharani isipokuwa mara moja, katika hafla ya wanawake watupu ya kuchangia vita vya India na China vya mwaka 1962. Akina mama wa pwani, waliozoea ukumbi wa wanawake peke yao siku ya harusi, hawahitaji kuelezwa ilivyokuwa.

Alifariki Ahmedabad tarehe 30 Oktoba 1974, na mwaka uliofuata serikali ya India ikamtunuku nishani ya Padma Bhushan. Kaburi lake lipo Pasand Bagh, Lucknow, ubavuni mwa kaburi la mama yake, Mushtari.