Tusingoje Maumivu Ndipo Tutafute Kipimo

Kila baada ya mauzo ya korosho, nyumba nyingi za Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mdomoni mwa Ruvuma, hupanga matumizi: bati, ada za shule, harusi, jando na unyago. Ni nadra katika hesabu hiyo kutajwa nauli ya mama kwenda kupimwa saratani.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa makisio ya kimataifa, mwaka 2020 iliwapata zaidi ya wanawake 10,000 nchini na kuwaua zaidi ya 6,000. Nayo si maradhi ya ghafla. Husababishwa na virusi vya HPV, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga kimya kimya. Damu isiyo ya kawaida inapoonekana, mara nyingi maradhi yamekwisha kukomaa, na safari huwa ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500 kutoka kwetu.

Basi kila umri una wajibu wake. Binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo, ambayo tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 apimwe mlango wa kizazi; anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25. Hupakwa siki hafifu, na palipoharibika hugeuka peupe kwa dakika chache. Dalili za awali huweza kutibiwa siku ile ile. Hapo hapo aombe kukaguliwa matiti. Mwanamume aliyefikisha miaka 50 naye azungumze na tabibu kuhusu tezi dume.

Wapo wanaosema haya inawazuia. Nasi twaitukuza haya, kwani ni katika imani. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na wanazuoni wameruhusu tabibu kutazama penye dharura, kwa kiasi cha dharura. Mke anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake. Asiye na udhuru ni mume anyimaye ruhusa na nauli, kisha akaja kulia makaburini.

Tunawaomba maimamu walitaje jambo hili misikitini, na waume wawasindikize wake zao wangali wazima. Allah atujaalie afya njema. Amin.