Adabu ya Kutunga kwa Shirika

Iko hoja ipitayo vinywani mwa baadhi ya watungaji wa hadithi za mashabiki, nayo yafaa ipingwe kabla haijageuka kuwa desturi. Hadithi ya mashabiki ni ile ambayo msomaji huitunga juu ya watu na nchi zilizokwisha buniwa na mtungaji mwingine. Huitunga kwa mapenzi, wala si kwa ujira. Yasemwa ya kuwa kazi ya namna hii, maadamu imeazimwa tangu msingi, haina mwenyewe. Kwa hiyo watu wawili au watatu wakishirikiana kuitunga, kila mmoja yu huru kufuta, kugeuza na kuendeleza apendavyo pasipo kumwuliza mwenziwe. Hoja hii imevaa kanzu ya uhuru, walakini mwili wake ni wa dhuluma.

Kuazima si aibu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa pwani ya Afrika Mashariki, hutajwa kuwa ndiye aliyelifanyia takhmisa shairi la kale linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Kila palipokuwa na mishororo miwili ya mtangulizi, aliongeza mitatu yake mbele, ikawa mitano. Aliyekuja nyuma ndiye aliyejilazimisha kufuata kina cha aliyetangulia. Hakumlazimisha marehemu kufuata chake. Msomaji ajua wapi pana sauti ya mmoja na wapi pana sauti ya mwingine, na wote wawili wana heshima yao.

Kinyume cha adabu hiyo kilionekana Hispania. Mwaka 1614 mtu aliyejificha nyuma ya jina la Alonso Fernández de Avellaneda alichapisha sehemu ya pili ya Don Quijote, hali Miguel de Cervantes yu hai na sehemu yake mwenyewe haijatoka. Hakutosheka na kuazima. Katika dibaji alimdhihaki Cervantes kwa uzee wake na kwa mkono wake uliolemaa vitani. Cervantes alitoa sehemu yake mwaka 1615, akamjibu humo humo. Kosa la Avellaneda halikuwa kuendeleza hadithi ya mwingine, bali kuiendeleza kwa kujificha na kwa matusi.

Siku hizi shirika ni jepesi. Katika Archive of Our Own, ghala la intaneti lililofunguliwa mwaka 2009 na kuendeshwa na watu wanaojitolea, hadithi moja yaweza kubeba majina ya watungaji kadhaa, na kila mmoja wao aweza kuyahariri maandishi yake. Hapo ndipo wenye hoja ile hujikwaa: hudhani kwamba uwezo ni ruhusa. Mwenye ufunguo wa nyumba ya shirika aweza kuingia usiku akavunja ukuta. Lakini ufunguo haukumpa haki ya kuuvunja. Mtu aliyekesha miezi akimlea mhusika, akaamka asubuhi akamkuta ameuawa katika sura asiyoijua, amedhulumiwa, ijapokuwa mhusika yule aliazimwa na wote wawili.

Tena dhuluma hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo. Watungaji hawa hawauzi kazi yao, wala aghalabu hawana mkataba. Walicho nacho ni jina juu ya kazi na imani baina yao. Anayefuta jina la mwenziwe amemnyang'anya ujira wake wote.

Adabu inayotakiwa si nzito. Washirika wapatane kabla ya sura ya kwanza: hadithi iende wapi, zamu ziwe za nani, nani amtunze mhusika yupi. Mapatano hayo wayaandike, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Makosa ya tahajia na yasahihishwe na yeyote. Lakini maana isiguswe ila kwa idhini. Atakayechoka aseme kuwa amechoka, na aseme kama maneno yake yabaki au yaondoke. Atakayetamani mwisho mwingine aanze tawi lake mwenyewe, alitaje na shina alikotoka.

Watajibu kwamba masharti huua ubunifu. Takhmisa yawakanusha. Kina cha mtangulizi hakikumfunga Sayyid Abdalla mikono, kilimtaka ustadi. Asiyeweza kutunga mpaka afute maneno ya mwenziwe hakukosa uhuru, amekosa ufundi. Na kusema kwamba kitu cha kuazima hakihitaji heshima ni kuigeuza hekima juu chini, kwa maana cha kuazima ndicho kitakacho kutunzwa zaidi: chake mtu aweza kukivunja, cha mwenziwe hurudishwa kizima.