Baraza la nyumba nalo lataka kibali

Msafiri atokaye Webuye akielekea Kitale hupitia Misikhu, na huko, kama kwingi nchini, mwenye nyumba apatapo vijisenti huiongezea baraza mbele: nguzo tatu, mabati machache na sakafu ya saruji. Hapo ndipo wazee hupunga upepo jioni na wanafunzi hudurusu mvua inyeshapo. Wangapi miongoni mwao wajuao kwamba wangepaswa kwanza kuomba kibali cha kaunti?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi, ya mwaka 2019, chamkataza mtu yeyote kufanya 'maendeleo' bila idhini. Mkaidi hukabiliwa na faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Tena aweza kuamriwa airudishe ardhi ilivyokuwa, yaani abomoe, katika muda usiozidi siku 90.

Utata umo katika neno hilo. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza, na humo 'maendeleo' ni ujenzi wowote juu ya ardhi, au badiliko kubwa la matumizi yake. Kwetu sisi maendeleo ni barabara, stima, na hotuba za wabunge. Fundi apigiliaye mabati ya baraza hawezi kudhani kwamba analeta maendeleo!

Sheria iliyotangulia, ya 1996, ilikuwa na busara zaidi: nyongeza isiyozidi asilimia 10 ya sakafu ya jengo haikuhesabiwa kuwa maendeleo. Hesabu hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi aiweza.

Sikibezi kibali. Nguzo dhaifu huangusha paa, na baraza lililoingia katika ardhi ya barabara kuu litavunjwa siku moja, mwenyewe akitazama. Lakini sheria hiyo hiyo humpa raia haki: asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, ombi lake huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Atajuaje, ilhali haki yenyewe imefungiwa katika Kiingereza cha mawakili? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chasema Kiswahili ni lugha rasmi pia. Ukurasa mmoja tu, uliobandikwa ukutani kwa chifu (ambaye, ajabu, mkutano wake huuita baraza), ungetosha.

Wakati tukingoja, walimu wa Kiswahili wa Misikhu wanaweza kuwapa wanafunzi kifungu hicho cha 57 wakitafsiri darasani. Ubishi utaanzia kwenye 'maendeleo'.