Kivu: Kansa ya ovari, tumbo linalovimba na kuitwa minyoo

Mwanamama anafika kwenye kituo cha afya akilalamika kwamba tumbo limejaa, anashiba akila kidogo tu na anakwenda kukojoa kila mara. Iwe Goma, Bukavu ao Uvira, anaweza kurudi nyumbani na dawa ya minyoo, ya tifoidi ao ya vidonda vya tumbo. Miezi inapita, tumbo linavimba. Majirani wanauliza kama ana mimba, wengine wanasema amerogwa.

Dalili hizo zinaweza kuwa za kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Mwaka 2022, duniani kote, wanawake zaidi ya 320 000 waligunduliwa nayo na zaidi ya 200 000 walikufa. Nchini Marekani, ikigunduliwa bado iko ndani ya ovari, wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Ikisha kusambaa mbali, wanabaki karibu 3.

Kampeni za kansa za wanawake zinarudilia ushauri mmoja: mpimwe mapema. Kwa kansa ya shingo ya kizazi ushauri huo una nguvu, kwa sababu kuna kipimo na kuna chanjo. Lakini kipimo cha shingo ya kizazi hakioni ovari, na mwanamke aliyeambiwa kuwa ni mzima anaweza kuamini amesalimika kwa yote. Huko Uingereza, wanawake zaidi ya 200 000 wasio na dalili walifuatiliwa kwa miaka mingi: wamoja walipimwa kila mwaka, wengine hawakupimwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kupima hakukupunguza vifo.

Kinachobaki ni dalili zenyewe. Tumbo kujaa, maumivu chini ya kitovu, kushiba haraka: vikiwa vipya na vikirudi karibu kila siku kwa wiki tatu, vinadai ekografia, zaidi kwa mwanamke aliyekoma hedhi ao ambaye mama yake ao dada yake aliugua kansa ya ovari ao ya matiti. Kuzaa watoto wengi kunapunguza hatari, lakini hakuiondoi, na katika familia za Kivu jambo hilo linasahaulika kwa urahisi.

Ekografia, familia ndiyo inalipa. Halafu inakuja operesheni, na kwa wengi kemoterapia: kwa kawaida mara sita, kila baada ya wiki tatu. Dawa zake kuu, carboplatin na paclitaxel, ziko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. Lakini ratiba ya wiki tatu haijui vita. M23 iliteka Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na safari ya kwenda Kinshasa ikawa ya kuvuka mipaka ya nchi jirani.

Barabara na ndege haviko mikononi mwa muuguzi wa kituo cha afya. Ila mwanamama yule yule akirudi mara ya pili na tumbo lile lile, ni yeye anayeamua: dawa ya minyoo tena, ao karatasi ya kumtuma kwa ekografia.