Wageni Wasiopiga Hodi Bandarini

Ndugu wananchi, bandari yetu ya Dar es Salaam ina forodha, ina polisi, ina makarani wa kuhesabu kila mzigo. Lakini wako wageni ambao karani hawaoni. Ni kome, chaza na jamaa zao wa kutoka bahari za mbali. Wengine hugandama chini ya meli. Wengine, wangali wachanga, huchukuliwa ndani ya maji ya farumi, ambayo meli tupu hubeba ili isipinduke na kuyamwaga ifikapo bandari ya kupakia.

Wako watakaosema: sisi wa Mbagala na meli wapi na wapi? Wamesahau kwamba mto Kizinga na mto Mzinga, tunaoishi kando yake, humwagikia hori lile lile la bandari. Kaa, kamba na samaki wa mikoko ya huko ni kitoweo chetu na riziki ya jamaa zetu.

Hatusemi kila kitokacho ng'ambo ni adui. Muhogo ulitoka Amerika kwa meli, na leo ni chakula chetu. Lakini muhogo ulipandwa na mkulima aliyeutaka. Kome hakupandwa na mtu.

Mwaka 1999, katika mji wa Darwin, Australia, alionekana kome mdogo mwenye mistari, asili yake bahari za joto za Amerika. Alikuwa amejaa katika maegesho ya mashua kwa maelfu. Serikali ikafunga maegesho matatu, ikamwaga klorini na mrututu, ikaua kila kilichokuwa na uhai mle ndani. Kome akaisha. Wao waliweza kwa sababu maegesho yale yana malango ya kufunga maji. Je, hori letu lina lango gani? Na kome huyo tayari amefanya makao katika bandari za India, ambazo tumefanya biashara nazo tangu enzi za majahazi. Tena huvumilia maji ya chumvi yaliyochanganyika na ya mto, kama yetu.

Basi dawa yetu ni moja tu: kuzuia. Mkataba wa dunia wa maji ya farumi ulipitishwa London mwaka 2004 na kuanza kazi tarehe 8 Septemba 2017. Unaitaka meli isafishe maji hayo kabla ya kuyamwaga, na iweke daftari la kila iliyoyateka na kuyamwaga. Daftari likaguliwe kila meli, na maji yapimwe, maana daftari laweza kudanganya. Meli isisuguliwe ndani ya bandari na uchafu wake kuachwa majini. Gharama zote ni za mwenye meli, si za mvuvi.

Nasi tusingoje kufanyiwa. Kila tawi liwaeleze wavuvi na wachuuzi wa samaki kwamba atakayeona kome au chaza asiyemjua amchukue, akumbuke mahali alipomwona, ampeleke ofisi ya uvuvi. Mvuvi wa hori hulijua hori lake kuliko mkaguzi yeyote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini, ndugu zangu, ukuta haujengeki.

Uhuru na Kazi!

Mwanachama, Mbagala