Bob Marley niliyemfuta

Leo nina kesi ya kuungama, na mahakimu ni nyie.

Mwaka 1994 nilikuwa sekondari, na kulikuwa na binti mmoja mtaani ambaye nilimzimia vibaya. Nikapania kumrekodia nyimbo za mahaba, ila hela ya kanda tupu sina. Nikafungua droo ya braza, nikakutana na "Survival" ya Bob Marley. Nikajisemea, ah, hii haina hata wimbo mmoja wa mapenzi, ya nini? Nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi, nikairekodia juu kwa juu.

Kabla sijaifikisha kwa mhusika, braza akaiweka kwenye redio. Alitegemea "Zimbabwe", akasikia "Is This Love". Nilijiandaa kwa makofi. Wapi! Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Dogo, unajua umefuta nini?"

Sikujua. Na kusema kweli, wengi wetu hatujui mpaka leo. Bob tunayemjua ni yule wa fulana na wa kanda moja, "Legend", iliyotoka mwaka 1984, miaka mitatu baada ya yeye kufariki akiwa na miaka 36. Imeuza nakala zaidi ya milioni 25 duniani. Ni bomba, sibishi. Lakini hebu chukua orodha yake ya mwanzo ya nyimbo 14 uhesabu: tano zimetoka "Exodus" peke yake. Kutoka "Survival", sifuri. Kutoka "Rastaman Vibration" ya mwaka 1976, sifuri pia, wakati ndiyo albamu iliyompandisha mpaka nafasi ya 8 Marekani, na ndani yake kuna "War", wimbo uliojengwa juu ya hotuba ya Haile Selassie kule Umoja wa Mataifa mwaka 1963.

Bahati mbaya? Hapana, bwana. Waliopanga "Legend" walitaka kumwingiza Bob kwenye nyumba za wazungu waliokuwa wakimwogopa. Mkali akaachwa nje, mpole akakaribishwa sebuleni. Kumbe na mimi na karatasi yangu tulifanya kazi ileile!

Sasa turudi kwenye "Survival", ya Oktoba 1979. Jalada lake limejaa bendera za nchi za Afrika, na nyuma ya jina kuna ule mchoro wa watumwa waliopangwa melini kama dagaa. Hujasikia hata ngoma, ujumbe umeshafika. Ndani kuna "Africa Unite", kuna "Ambush in the Night" inayokumbusha risasi alizopigwa nyumbani kwake Kingston Desemba 1976, na kuna hiyo "Zimbabwe". Nchi yenye jina hilo ilikuwa bado haijazaliwa! Uhuru ulipofika Aprili 1980, Bob alikwenda mwenyewe kuuimba uwanja wa Rufaro. Sisi ambao Dar yetu ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tulitakiwa tuwe wa kwanza kuijua albamu hii, sio wa kwanza kuifuta.

Ni nzito, nakubali. Ukiiweka kwenye pati, watu watakaa chini. Ni ya kusikiliza usiku, taa zimezimwa, uanze wa kwanza mpaka wa mwisho.

Ya pili ninayoitetea ni "Kaya", ya Machi 1978. Kwetu kaya ni nyumba na watu wake; kwa Wajamaika ni bangi. Wakosoaji waliishambulia, eti Bob kalainika, anaimba mapenzi na mvua wakati watu wanauana. Lakini jamani, huyu alikuwa ametoka kupigwa risasi, akahama nchi yake, akaenda kurekodi London. Mtu aliyenusurika haruhusiwi kupumzika? Na ukitega sikio vizuri, ulaini wenyewe una miiba. Kuna "Running Away", mtu anabishana na nafsi yake kuhusu kukimbia. Na mwezi uliofuata Bob alikuwa Kingston, jukwaani, akiwashikanisha mikono Manley na Seaga, mahasimu wa siasa.

Kwa hiyo "Kaya" ilisemwa ni laini mno, "Survival" ikaonekana ngumu mno. Kati yake ni miezi 19 tu, na mtu ni yuleyule! Mimi nasema huwezi kumjua Bob kwa kumkata vipande, ukabeba kile kinachokufurahisha. Hata wewe hutaki ujulikane kwa picha zako za harusi tu.

Braza sasa ana mvi. Alipokuja kwangu juzi nilimwekea "Survival" yote kwenye simu, bila kusema neno. Tulipofika "Africa Unite" akaanza kutikisa kichwa. Nikamwambia, "Braza, ile kanda nisamehe." Akacheka, akauliza, "Na yule binti je?"

Aliolewa na mwingine, bwana. Hata kanda hakuipata.

Wiki hii chagua albamu moja ya Bob ambayo hujaisikia, isikilize nzima bila kuruka wimbo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.